Laki nne na Dell ya ofisini: kadi ndogo, kadi kubwa, au uuze uanze upya?

Mpwa wangu anayesoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) alinipigia Jumamosi asubuhi. "Shikamoo mjomba. Nina laki nne, nataka kompyuta yangu icheze FC, ile gemu ya mpira." Sijamaliza kuitikia marahaba, akanimwagia yote: ameshaona mtandaoni kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha za gemu, aina ya RX 580 ya GB 8, bei nzuri, na muuzaji amemwambia awahi kabla mwingine hajaichukua. Nikamwambia asitume hata mia. Afungue kwanza ubavu wa mashine, anipigie picha ya pawa saplai.

Alishangaa. Yeye anauliza habari za kadi, mimi namuuliza habari za kisanduku cha umeme. Lakini kwa hizi kompyuta za mezani za mtumba tunazonunua huku, zilizotoka maofisini ng'ambo, kisanduku hicho ndicho kinachoamua kadi gani itaingia. Ukianza na kadi, utajikuta unanunua kompyuta nzima vipande vipande bila kujua.

Mashine yake ni Dell OptiPlex 9020, ile ya tawa (kasha pana la kusimama), siyo nyembamba. Prosesa ni i5-4570 ya mwaka 2013, viini (sehemu za kuhesabia) vinne. Ramu GB 8, zote kwenye kijiti kimoja. Hadidiski ya GB 500 inayonguruma kama mashine ya kusaga. Skrini ni ya inchi 19, pikseli 1440 kwa 900, nayo ya mtumba. Hakuna kadi ya grafiki. Picha inatengenezwa na Intel HD 4600 iliyomo ndani ya prosesa. Kwa hiyo gemu ya mpira ya zamani, PES 2017, inacheza, San Andreas inateleza, GTA V inachezeka ukiwa mvumilivu, na FC 25 inaonekana kama picha za harusi zinazopitishwa moja moja.

Picha ikaja. Lebo ya pawa saplai: wati 290. Hakuna waya wa ziada wa pini 6 wala pini 8 wa kulisha kadi. Na waya mkubwa unaoingia kwenye bodi una pini 8, siyo zile 24 za kawaida. Kumbuka hilo la pini, litarudi kutusumbua.

Kabla ya kutoa shilingi

Nilienda kwake Ng'ong'ona mchana na bloa. Anayekaa Dodoma hahitaji kuelezwa habari za vumbi, ila wengi wanafuta meza na skrini wakadhani wamemaliza. Nilipotoa feni ya prosesa, zile bati nyembamba za kupoozea hazikuonekana. Zilikuwa zimefunikwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu chenye wekundu kwa mbali, nikakivuta kikatoka kizima. Chini yake pesti, ule uji wa kupitisha joto la prosesa, ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ukutani.

Kabla ya usafi, dakika kumi za GTA V zilipandisha prosesa hadi nyuzi joto 97. Kikomo chake ni 100, na ikikaribia hapo inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana gemu ilikuwa inaanza vizuri kisha inazidi kuwa nzito. Baada ya kupuliza na kupaka pesti mpya ikakaa kwenye 70 na kidogo. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Na fanya kazi hiyo nje, usije ukahamishia blanketi kitandani.

Mpwa akacheza nusu saa, akasema, "Mjomba, mbona imepona?" Haijapona. Ilikuwa inakabwa, sasa inapumua. Lakini kama tatizo lako ni gemu zilizokuwa zinacheza na sasa zinakwama, huenda safari yako ikaishia hapa, na laki nne ukabaki nazo.

Kadi tatu mezani

Tulizunguka maduka ya mjini kati, tukapiga na simu Kariakoo. Bei hizi ni tulizotajiwa sisi, zote za mtumba, kabla ya kupatana:

| | GTX 1050 Ti | GTX 1650 | RX 580 |
|---|---|---|---|
| Ilitoka | 2016 | 2019 | 2017 |
| Kumbukumbu | GB 4 | GB 4 | GB 8 |
| Umeme | wati 75 | wati 75 | wati 185 |
| Waya wa ziada | nyingi hazihitaji | baadhi zinahitaji | unahitajika |
| Bei | 230,000 | 320,000 | 260,000 |

Ukisoma jedwali hilo haraka haraka utaichukua RX 580. Ina nguvu kuliko 1650, ina kumbukumbu mara mbili, na ni rahisi kwa elfu sitini. Mpwa alifika hapo hapo.

Sasa piga hesabu ya umeme. Kadi wati 185, prosesa wati 84: jumla 269. Zimebaki wati 21 za bodi, ramu, diski, feni na kila kilichochomekwa kwenye USB. Hata kama ungepata adapta ya kuiba umeme kutoka kwenye waya wa diski, na watu wanafanya hivyo, mashine itazima katikati ya mechi. Hiyo ni ukibahatika. Usipobahatika unanusa moshi.

Kwa hiyo RX 580 inataka pawa saplai mpya. Iliyo ya kweli ya wati 550 tulitajiwa 120,000. Zipo za elfu arobaini zilizoandikwa 500 kwa maandishi makubwa, lakini ukiishika mkononi ni nyepesi kama boksi tupu. Hizo mwachie mwenye duka. Halafu zile pini 8 za Dell zinarudi: pawa saplai ya kawaida ina pini 24, hivyo unahitaji waya wa kugeuza, elfu ishirini. Kadi 260, saplai 120, waya 20. Laki nne imeisha, ramu ni ileile, na hadidiski bado inanguruma.

1050 Ti na 1650 hunywa umeme wao wote kwenye sloti ya bodi, ambayo imeundwa kutoa hadi wati 75. Unachomeka, unafunga, unawasha. Wati 75 na 84 ni 159, na saplai ya 290 haitatoka hata jasho. Angalizo ni kwa 1650: baadhi ya watengenezaji waliiongezea kasi na kuweka tundu la pini 6. Igeuze kadi uangalie ubavuni kabla ya kulipa. Ikiwa na tundu, siyo ya Dell hii.

Skrini yako ndiyo ipi?

Hapa ndipo watu wengi hulipia nguvu wasiyoitumia. Majaribio mengi ya kadi unayoyaona mtandaoni hufanywa kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, zaidi ya pikseli milioni mbili kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Skrini ya mpwa wangu ina pikseli chini kidogo ya milioni 1.3. Kazi ya kadi inapungua kwa zaidi ya theluthi kabla hujagusa setingi yoyote.

Kazi ya prosesa haipungui. Kuhesabu mpira unadundia wapi na beki anakimbilia wapi ni mzigo uleule skrini iwe kubwa au ndogo. Ukiiweka RX 580 nyuma ya i5-4570 kwenye skrini ya 900, kadi itakuwa inamsubiri prosesa muda mwingi. Ni kama kufunga trela nyuma ya bodaboda. Ukiendesha gari mjini kwenye GTA V utaona mwenyewe: prosesa iko asilimia 95 na kuendelea, kadi inapunga upepo.

RX 580 ninampa mtu mwenye skrini ya 1080, tawa yenye pawa saplai ya kawaida, na prosesa inayoweza kufanya kazi nane kwa mpigo kama i7-4790. Huyo atafurahi kuliko mwenye 1650, na zile GB 8 zitamfaa kwenye gemu za karibuni ambazo GB 4 zinajaa mapema. Mpwa wangu hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kati ya zile mbili ndogo, 1650 inaizidi 1050 Ti kwa karibu theluthi. Je, inastahili elfu tisini zaidi? Miaka miwili iliyopita ningesema hapana, nunua 1050 Ti na chenji utie SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Kilichobadilisha mawazo yangu ni draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. NVIDIA, wenye chipu za 1050 Ti na 1650, walitoa draiva ya mwisho ya gemu kwa kizazi cha 1050 Ti mwezi Oktoba 2025. Kinachofuata ni viraka vya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kizazi cha 1650 bado kinahudumiwa. AMD, wenye RX 580, nao walianza kuipunguzia masasisho tangu 2023. Kwa mtu wa PES 2017 na GTA V draiva za leo zinatosha kabisa, achukue 1050 Ti bila kuona haya. Kwa mtu anayefukuzia FC ya kila mwaka, 1050 Ti ndiyo kiwango cha chini walichoandika watengenezaji kwa FC 24 na 25. Ukinunua iliyo kwenye mstari wa chini leo, mwakani uko chini ya mstari.

Na kwa haki, hata i5-4570 iko chini ya prosesa waliyoiandika, i5-6600K. Mechi inachezeka. Nimeiona kwa macho. Ila uwanja ukijaa mashabiki na kamera ikageuka ghafla, utasikia kigugumizi.

Vitu vidogo vinavyosahaulika

Ramu kijiti kimoja ni hasara ambayo haionekani. Bodi hii ina njia mbili za kuongea na ramu. Ukiwa na kijiti kimoja nusu ya barabara imefungwa. Kijiti cha pili cha GB 8 cha DDR3, aina ya ramu ya mashine hii, tulitajiwa 35,000. Hapa wenye mashine za zamani tunacheka kidogo, maana tangu mwishoni mwa 2025 ramu mpya zaidi, DDR4 na DDR5, zimepanda bei duniani kote, viwanda vikikimbilia kutengeneza kumbukumbu za seva za akili bandia. Chukua vijiti virefu vya kompyuta ya mezani. Vile vifupi ni vya laptopu, havitaingia.

SSD haiongezi fremu hata moja. Inachofanya ni kukuondolea ule muda wa kuwasha mashine, ukachemsha chai, ukarudi bado inazunguka. Ya GB 256 ilikuwa elfu sitini. Nunua ya SATA, ile ya umbo la daftari dogo. Ile bapa kama ubani haina mahali pa kukaa kwenye 9020. FC 25 peke yake inataka GB 100, kwa hiyo Windows na FC zitakaa kwenye SSD, GTA na mengine yabaki kwenye hadidiski ya zamani. Na kabla ya kushusha gemu ya ukubwa huo, angalia bando lako, au mtafute rafiki mwenye faiba na diski ya nje.

Kuuza na kuanza upya

Njia ya tatu niliitetea mimi, mpwa akaikataa. Auze Dell hii kwa laki mbili, aongeze zake nne, anunue tawa yenye i5-8500. Hiyo ni prosesa ya 2018, viini sita, na tuliiona dukani ikiwa na GB 8 na SSD kwa 550,000.

Sababu zangu zilikuwa mbili. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha nne kama hii i5-4570 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kuna mbinu za kuilazimisha, lakini unabaki mtu wa mbinu. Pili, gemu za mtandaoni zimeanza kuwa na masharti ya usalama wa mashine: Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka). Mashine ya kizazi cha nane kama hiyo ya i5-8500 inavuka hapo bila maneno.

Sababu yake ilikuwa moja, nayo ina uzito: "Mjomba, nikifanya hivyo leo usiku nacheza nini?" Kweli. Baada ya kulipa asingebaki na hela ya kadi, na grafiki ya UHD 630 iliyomo ndani ya i5-8500 siyo ya kujivunia. Angecheza PES 2017 ileile kwenye mashine mpya hadi bumu (hela ya mkopo wa chuo) lijalo. Kama wewe unaweza kusubiri bumu, au gemu kwako ni jambo la pili baada ya kazi za darasani, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kadi ya wati 75 utakayonunua baadaye itaingia humo humo.

Kujenga mpya kabisa kwa Ryzen 5 5600G, yenye grafiki nzuri ndani, lilikuwa wazo zuri enzi DDR4 ilipokuwa rahisi. Kwa laki nne sasa hivi, sahau.

Wenye Dell au HP nyembamba, zile zinazolala chini ya skrini, hesabu yenu ni nyingine. Kadi ya kawaida haiingii, ni ndefu kwenda juu; mnahitaji toleo fupi la 1650 au RX 6400, na toleo fupi huuzwa ghali kwa sababu wote mnaligombania. RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inaongea na bodi kwa njia nne badala ya kumi na sita, hivyo kwenye bodi za zamani inapoteza nguvu. Haina pia kifaa cha kurekodi video. Anayetaka kurusha mechi zake mtandaoni aiepuke.

Kama kinachotafutwa ni mpira tu, wawili kwenye kochi, pedi mbili, basi PS4 ya mtumba itamaliza kazi bila kusoma mistari yote hii. Mpwa wangu anaandika programu na kuandaa ripoti kwenye mashine hiyo hiyo, ndiyo maana hatukuongelea PS4 zaidi ya dakika moja.

Bili ya LUKU

Mama yake aliuliza kadi itaongeza umeme wa LUKU kiasi gani, na ni swali zuri. Tofauti ya kadi kubwa na ndogo ni wati 110 hivi zikifanya kazi kwa nguvu zote. Ukicheza saa nne kila siku, ni uniti kama 13 kwa mwezi. Kwa anayenunua umeme kwa shilingi 356 kwa uniti, ni karibu elfu tano. Haiumizi sana, lakini kwenye chumba cha kupanga chenye mita ya pamoja, wapangaji wenzako wataanza kukuhesabia.

Siku ya kununua

Tulibeba mashine yenyewe kwenye bajaji hadi mjini. Duka la kwanza walitutolea "1050 Ti" inayong'aa, 180,000 tu. Nikaona tundu la VGA la bluu mgongoni. Kizazi cha 1050 Ti kiliacha picha za analogi, kwa hiyo tundu hilo likionekana, shuku. Nikaomba tuichomeke. Programu ya GPU-Z, inayosoma chipu halisi ya kadi, ikaandika FAKE mbele ya jina: ndani ilikuwa chipu ya miaka kumi na zaidi iliyobandikwa jina jipya. Muuzaji akasema hata yeye aliletewa hivyo hivyo. Huenda. Tulitoka.

RX 580 nayo ina mtego wake, kwa atakayeichukua. Kuna toleo linaloitwa 2048SP, ambalo kwa nguvu ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Ya kweli GPU-Z inaonyesha viini vidogo 2304, siyo 2048. Na nyingi zilikaa miaka kwenye mitambo ya kuchimba sarafu za kidijitali hadi sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022. Iendeshe dakika ishirini dukani kwa gemu nzito kabla ya kutoa hela. Ikitoa vidoti vya rangi kwenye skrini, mrudishie mwenyewe.

Duka la tatu walikuwa na 1650 isiyo na tundu la pini 6. Ikapita GPU-Z, ikacheza dakika ishirini, ikabaki nyuzi joto 66. Tukapatana hadi laki tatu. Ramu 35,000, SSD 60,000. Ikabaki elfu tano.

Usiku ule mpwa akapiga simu: kadi imeingia, feni inazunguka, lakini gemu iko vilevile. Nikamuuliza waya wa skrini ameuchomeka wapi. Kimya. Alikuwa ameuchomeka kwenye VGA ya bodi, palepale alipouzoea, na kadi haina VGA. Skrini yake kwa bahati ina tundu jingine, la DVI, na kadi pia. Elfu tano iliyobaki ikanunua waya wa DVI kwa fundi wa jirani, na saa nne usiku nikatumiwa picha: Simba na Yanga za kubandika kwenye PES hazipo tena, ni FC 25, fremu 60, na kafungwa tatu bila.